Shangazi, mbona Mungu namjua kwa kusikia tu?

"Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, na mpaka leo naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu hapa Bukoba. Mama ndiye anayeniombea. Shida ikizidi, namtumia ujumbe mtumishi mmoja aliyeko Dar es Salaam pamoja na sadaka ya mbegu ya elfu kumi au ishirini, naye ananiombea kwa simu. Juzi mtoto alipandwa na homa usiku wa manane. Mama hakupokea simu, mtumishi hakujibu. Nikapiga magoti mwenyewe, nikakosa la kusema, nikaishia kuimba wimbo wa kwaya. Dada yangu wa Mwanza anasema hiyo ni dalili kwamba sijaokoka, nihamie kanisani kwao. Je, nihame? Na mtu anaanzaje kumjua Mungu yeye mwenyewe?"
Mwanakwaya, Bukoba

Shangazi anajibu:

Pole kwa kuuguliwa. Barua haisemi kama mtoto amepona, na Shangazi angependa kujua.

Mwanakwaya anaona haya kwamba amekulia kanisani na bado Mungu ni mgeni kwake. Asione haya. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli yupo kijana aliyelala ndani ya hekalu, karibu na taa na sanduku la agano, na mwandishi anasema waziwazi kwamba alikuwa hajamjua Bwana bado. Kazi ya hekaluni aliifanya vizuri tu. Alipoitwa usiku, mara tatu alikimbilia kwa kuhani mzee Eli, kwa sababu katika maisha yake kila jambo la Mungu lilikuwa limepitia kwa mzee huyo. Eli alishindwa kuwalea wanawe, lakini usiku ule alifanya jambo ambalo watumishi wengi wa leo wangesita kulifanya: alimrudisha kijana akalale, akamwelekeza aitike mwenyewe. Hakujiweka katikati, wala hakudai chochote.

Tena barua imetoka Bukoba! Swali hili lina wazee wake huko huko. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa mmisionari, anahubiri, anatibu, na ndani amekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi nzuri serikalini, naye akitafuta kitu kile kile. Wakakaa na Biblia siku mbili, wakisoma na kuomba pamoja. Baadaye Nsibambi aliacha kazi akaenda kuhubiri. Kutokana na watu kama hao ukaibuka Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini na kusambaa Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika, Bukoba ikiwamo.

Jambo la kuangalia ni kwamba waliohusika walikuwa Wakristo tayari. Walikuwa wamebatizwa, wana kadi, wengine ni wainjilisti wanaolipwa mshahara. Walichokitafuta ndicho anachokitafuta Mwanakwaya. Na mlango walioupitia haukuwa maono wala sauti za radi. Ulikuwa ni kusema kweli. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina lake, kisha akaenda kurudisha alichoiba. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi nchini Uganda aliyekuja kuwa askofu, alipanda baiskeli akaenda mbali kumwomba radhi Mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Kwa Shangazi, safari hiyo ina ushuhuda mkubwa kuliko machozi ya mikesha mingi.

Kwa hiyo usiku ule wa homa huenda Mwanakwaya hakukosa la kusema. Alikosa la kusema lenye lugha ya kanisani. Maneno yalikuwapo: naogopa, mtoto anaungua, mama hapokei simu, sijui kama unanisikia. Hayo ni maombi kamili, na katika Zaburi yapo ya namna hiyo, mengine yenye lawama kali kuliko hayo. Wimbo wa kwaya nao si wa kudharau, ila ulitungwa na mtu mwingine kwa ajili ya usiku wake yeye.

Ushauri wa Shangazi basi ni huu. Kila siku, kabla nyumba haijaamka, Mwanakwaya atafute dakika kumi. Aanze na Injili ya Marko, kwa kuwa ni fupi, sura 16 tu, na mambo yake yanakwenda haraka. Asome kisa kimoja, asikimbilie kutafuta fundisho. Amtazame yule mama aliyetokwa na damu miaka 12, aliyepenya katika msongamano bila kutambulishwa na mtu, akagusa vazi. Kisha aseme na Mungu kwa lugha anayomgombeza nayo mwanawe, Kihaya au Kiswahili, yoyote inayomtoka bila kufikiri. Kama kuna mtu aliyemdhulumu au anayemnunia, hapo ndipo baiskeli ya Kivengere inapohusika.

Asisubiri kusisimka. Wapo wanaotetemeka na wapo wasiohisi chochote kwa miaka. Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu nusu karne hakuhisi uwepo wa Mungu, na bado aliamka alfajiri kusali kabla ya kwenda kwa wagonjwa. Mwenye kupima imani yake kwa joto la kifuani atahangaika bure.

Sasa dada wa Mwanza. Pengine nia yake ni njema, lakini watu wa Uamsho nao walikuwa na makali hayo hayo: baadhi yao walitaka kila mtu awe na hadithi ya wokovu inayofanana na yao. Makali hayo yalileta migongano: mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, William Nagenda, aliyekuja kuwa mhubiri wa Uamsho, akiwa miongoni mwao, baada ya kugongana na uongozi kuhusu mikutano yao ya maombi. Hata hivyo, vuguvugu lile kwa sehemu kubwa lilibaki ndani ya makanisa ya zamani. Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba aliyeguswa na Uamsho, hakuhama Ulutheri. Alikuja kuwa askofu wa Kilutheri, na mwaka 1977 mkutano uliofanyika Dar es Salaam ukamchagua kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Asihame, basi, angalau si kwa sababu hii. Kumjua Mungu mwenyewe hakumaanishi kumjua peke yake: Nsibambi alikuwa na Church, na Mwanakwaya atafute mwanamke mmoja pale usharikani, mwenye kifua cha kutunza siri, wawe wakisoma pamoja mara moja kwa wiki.

Mama aendelee kumwombea. Hiyo ni haki ya mama yeyote. Ila mbegu zisimame kwa miezi mitatu, na fedha hiyo iwekwe akiba ya dawa za mtoto. Mtumishi akipiga simu, Mwanakwaya asikilize vizuri kinachoulizwa kwanza: hali ya mtoto, au muamala.