Maumivu ya Kiungo cha Taya na Matunzo Yake

Wasomaji wetu wa Ngara na Biharamulo, leo twapenda kueleza ugonjwa ambao wengi hudhani ni wa sikio au wa jino, kumbe ni wa kiungo cha taya.

Kiungo hiki ki wapi? Weka vidole mbele ya masikio, kisha fumbua na kufumba kinywa; pale panapocheza ndipo penyewe. Ndani yake mna kipande cha gegedu kati ya mifupa miwili, nacho hufanya kazi kila tulapo na tusemapo. Kiungo kikiumia, mtu huona maumivu ya shavu, sikio au kichwa; taya hualika, na kinywa hakifunguki sawasawa. Mara nyingi chanzo ni kusaga meno usingizini, kuyakaza kwa wasiwasi, au kupigwa.

Hasara kubwa ni hii: mgonjwa hung'olewa jino zima, na maumivu yasiondoke. Jino la mtu mzima likitoka halioti tena. Basi asikubali kung'olewa kabla ya kupimwa na daktari wa meno.

Nyumbani afanye haya:

1. Ale vyakula laini, kama uji, ndizi na maharagwe yaliyoiva sana. Aache muwa na mahindi ya kuchoma kwa muda.

2. Akande shavu kwa kitambaa cha maji yenye moto wa kadiri, dakika 15 hadi 20.

3. Asifumbue sana kinywa apigapo miayo. Akitulia, midomo ifumbwe lakini meno yasigusane.

Wengi hupona hivyo bila kupasuliwa. Lakini yako mambo yasiyongoja hata siku moja: kinywa kikibaki wazi kisifungike, uvimbe pamoja na homa, maumivu ya taya pamoja na ya kifua, ambayo huenda yakawa ya moyo, na taya likikaza, hasa baada ya jeraha, maana huenda ikawa pepopunda, nayo huua. Hapo msikande wala msilazimishe taya. Mgonjwa apelekwe upesi hospitali iliyo karibu: watu wa Ngara wana Murgwanza na Rulenge, na wa Biharamulo wana hospitali ya wilaya yao. Ugonjwa ukizidi, hupewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, kama Bugando iliyoko Mwanza.

Walimu na wenyeviti wa vijiji, wasomeeni haya wasiojua kusoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.