Mchoro wa kwenye simu nao una mwenyewe

Sifa zote njema anastahiki Allah (sw), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (saw).

Ndugu msomaji, leo nianze kwa kujisema mwenyewe. Madrasa yetu hapa Kilosa ilikuwa inatafuta fedha za mabati. Kwenye simu nikarushiwa mchoro mzuri wa nakshi na hati za Kiarabu, uliochorwa kwa kompyuta. Chini pembeni palikuwa na jina na namba ya simu. Nikaupeleka steshenari, jina likakatwa, likawekwa la madrasa. Tukachapa kalenda 200, tukauza shilingi 2,000 kila moja.

Baadaye kijana mmoja wa Mikumi alikuja kwenye Maulidi. Akaitazama kalenda ukutani, kisha akaniambia: "Ustadhi, hii kazi ni yangu." Nikajitetea kuwa fedha yote imekwenda fii sabilillahi. Akanijibu kwa adabu: "Ungeniuliza ningekupa bure. Ila jina langu mmelifutia nini?" Nilikosa jibu, nikarudi kwenye vitabu.

Swali la kwanza: je, kitu kisichoshikika ni mali? Wanachuoni wa zamani walikhitalifiana. Mahanafi wa mwanzo waliona manfaa peke yake si mali mpaka yaingie kwenye mkataba. Jumhuri ya wanachuoni, wakiwemo Mashafii ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki, wanahesabu manfaa kuwa ni mali. Ndiyo maana tunalipa kodi ya chumba: hatununui kuta, tunanunua kukaa. Mwaka 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisharia, mwenyewe anaweza kuziuza, na haijuzu kuzivamia.

Pili, je, nia njema inahalalisha? Hapana. Allah ametukataza kula mali za wenzetu kwa batili (An-Nisaa: 29), wala aya haikuwavua walimu wa madrasa.

Tatu, kufuta jina. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (saw) amemfananisha anayejipamba kwa asichopewa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima kumlaumu mtu aliyechukua kazi yake bila kumtaja.

Wapo wanaosema elimu haifichwi. Ni kweli, lakini aliyetoa kazi yake watu waione hakuficha kitu. Muuza kanga hutundika kanga zake mlangoni; kuziona si ruhusa ya kuzichukua.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapotengenezwa, hata kabla haijasajiliwa COSOTA, na kwa kazi nyingi ulinzi huendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Maana yake, haki hii inaingia katika mirathi; anayeiba leo anaweza kuwa anakula mali ya mayatima.

Hata hivyo, hakimiliki haihalalishi haramu. Khilafu ya wanachuoni kuhusu picha za viumbe hai ibaki mahala pake. Nakshi na hati hazimo katika khilafu hiyo.

Tauba katika haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake. Haki hurejeshwa au mwenyewe asamehe. Nilikwenda Mikumi kwa njia ya Ulaya, nikamwomba radhi yule kijana, tukakubaliana bei. Nusu aliipokea, nusu akaitoa sadaka kwa madrasa. Kalenda iliyofuata alichora yeye, na jina lake limo.

Ndugu zangu, kabla ya kuchapa bango la mhadhara, kadi ya harusi au kava la mawaidha, tuulize mwenye kazi, tuliache jina lake, na akidai malipo tumlipe. Nanyi vijana wachoraji, hifadhini mafaili yenu ya asili na andikishianeni makubaliano, kama tulivyofundishwa katika Al-Baqara: 282.

Wabillahi tawfiq.