Homa ya Papasi na Kijidudu Chake

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Ana miguu minane, hana mabawa, na rangi yake ni ya udongo, hata ni vigumu kumwona. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, akamwendea mtu aliyelala, akamfyonza damu muda kama wa nusu saa, kisha akarudi mafichoni. Aweza kukaa miaka bila kula, naye asife.

Mtu akiisha kuumwa na papasi mwenye ugonjwa, baada ya siku kadhaa hushikwa na homa kali. Kichwa na viungo humwuma, na pengine hutapika. Kisha homa humwacha, naye hudhani ya kuwa amepona. Lakini baada ya siku chache homa humrudia, tena na tena. Kwa wajawazito hatari ni kubwa, maana mimba yaweza kuharibika. Na watoto wachanga huweza kufa.

Lakini homa ni nyingi, nazo hufanana. Malaria nayo huleta baridi, jasho na maumivu ya kichwa. Basi, homa hii ilitengwaje na nyingine?

Ilitengwa kwa kutazama damu. Mwaka 1873 Otto Obermeier, daktari wa Berlin, alitangaza ya kuwa ameona kwa hadubini, katika damu ya watu wenye homa ya kurudirudi iletwayo na chawa, vijidudu vyembamba mfano wa uzi uliosokotwa, vikijinyonganyonga. Mwaka 1904, katika Uganda, Philip Ross na Arthur Milne waliona vijidudu vya namna hiyo katika damu ya wagonjwa wa homa ya papasi. Vijidudu hivyo ni bakteria.

Hata hivyo, kukiona kijidudu katika damu ya mgonjwa si kuthibitisha njia aliyoupatia ugonjwa. Joseph Dutton na John Todd waliitafuta njia hiyo huko Kongo. Waliwaacha papasi wawaume nyani, na nyani wakaugua; damu yao ilipotazamwa, vijidudu vile vile vilionekana. Tena waligundua ya kuwa hata watoto wa papasi, walioanguliwa juzi juzi, waliweza kuambukiza. Wakati ule ule Robert Koch, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Tanzania, aliviona vijidudu hivyo ndani ya mayai ya papasi. Ndiyo sababu nyumba yenye papasi huwa na hatari miaka mingi.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Dutton mwenyewe alishikwa na homa hiyo, akafa huko Kasongo tarehe 27 Februari 1905, umri wake miaka 30. Kijidudu kile huitwa kwa jina lake hata leo: Borrelia duttonii.

Siku hizi mtaalamu hupaka tone la damu juu ya kipande cha kioo, akalitia rangi, akalitazama kwa hadubini. Kijidudu cha malaria, ambacho si bakteria, hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Kile cha homa ya papasi huonekana nje yake, kati ya chembe na chembe. Yapasa damu itolewe wakati homa ingali mwilini, kwa maana homa ikiisha kutulia, vijidudu huwa vichache mno. Vile vichache vilivyosalia hubadili vazi lao la nje, hata askari wa mwili wasivitambue. Ndipo vinapoongezeka, na homa ikarudi.

Dawa za malaria haziponyi homa hii. Dawa yake ni antibiotiki, kama tetrasaiklini; nayo hutolewa na mganga wa hospitali, kwa kuwa saa chache baada ya kuimeza, hali ya mgonjwa huweza kuwa mbaya kwanza, kisha akapata nafuu.

Bora kuliko dawa ni kinga. Zibeni nyufa za kuta, pigeni sakafu lipu, wala msilale chini.

Maswali
1. Kwa nini papasi mchanga huweza kuambukiza?
2. Kijidudu cha malaria na cha homa ya papasi hutofautianaje katika damu?
3. Kwa nini homa hurudi?