Japani Inaanzia Mezani

Waulize wanafunzi wa chuo nchi ambayo wangependa kuifika hata mara moja, Japani haikosi kutajwa. Magari yao tunayapanda kila siku na katuni zao tunazitazama hosteli hadi usiku wa manane. Ila chakula chao wengi wetu tunakijua kwa picha tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hata bumu halijatoka: mtu avuke bahari kwenda kula samaki, kwani samaki hatunao?

Jibu la kwanza ni ladha yenyewe. Msingi wa mapishi mengi ya Kijapani ni supu nyepesi iitwayo dashi, inayotengenezwa kwa mwani mkavu na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa akawa mgumu kama gogo. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, profesa wa kemia mjini Tokyo, aliichunguza supu ya mwani na kukuta ladha ambayo si tamu, si chumvi, si chachu wala chungu. Akaiita umami. Kumbe utafiti mkubwa unaweza kuanzia kwenye bakuli la supu!

La pili ni historia. Tempura, yaani samaki na mboga zilizochovywa kwenye unga na kukaangwa, inatokana na mapishi ya Wareno, waliofika Japani mwaka 1543. Ni Wareno walewale waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593. Huku walituachia maneno kama meza na leso. Kule waliacha neno pan, yaani mkate. Ukila tempura unakutana na jirani wa kihistoria usiyemjua. Na ukifika Osaka jioni utakuta vibanda vya takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani. Mtu wa pwani hatajiona mgeni sana hapo.

La tatu ndilo zito: adabu. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza washoku, mapishi ya jadi ya Kijapani, katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kilichoorodheshwa si sahani fulani. Ni desturi nzima: kuheshimu msimu, kutumia mazao ya mahali, familia kukaa pamoja Mwaka Mpya. Kabla ya kula husemwa itadakimasu, yaani "ninapokea kwa unyenyekevu". Usisimamishe vijiti wima kwenye wali, maana hivyo ndivyo anavyowekewa marehemu. Wala usimpokeze mwenzako chakula kutoka kijiti hadi kijiti, kwani ndugu hupokezana hivyo mifupa baada ya maiti kuchomwa. Lakini tambi za supu unaruhusiwa kuzivuta kwa sauti, hakuna atakayekushangaa.

Mambo haya si ya kujionyesha. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mtaa wa Gion, Kyoto, mwenyeji alianza kuugua. Wageni waliwafuata wasanii wa kike wa jadi, geiko na maiko, wakiwapiga picha bila ridhaa na kuwazibia njia wakienda kazini. Mwaka 2024 wenyeji wakafunga vichochoro vya binafsi kwa watalii, na faini ikatangazwa: yen 10,000. Yaani mvuto wa mahali unaweza kugeuka adha ya wakazi wake. Anayekwenda bila kujifunza anaongeza adha hiyo, hata kama nia yake ni njema.

Basi anayeota safari aanze sasa. Jifunze maneno machache, uliza halafu ndipo upige picha. Kama wewe ni Mwislamu, fahamu kwamba supu ya tonkotsu ni ya mifupa ya nguruwe, na mirin, kiungo cha michuzi mingi, ni pombe tamu ya mchele. Nauli si mchezo, tukubali. Lakini serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo kupitia balozi zake, na fomu haijazwi na anayeota tu.

Maswali ya kujadili
1. Je, chakula cha kwenu kina adabu gani ambazo mgeni hawezi kuziona kwenye picha?
2. Fukwe na mitaa yetu inayojaa watalii, nani anapona na nani anaugua?