SOMO LA ROBO HII: KINGA YA MOTO KATIKA KARAKANA NA OFISI ZETU

Wapendwa wanakamati wa sharika, pamoja nanyi marafiki mnaoitegemeza miradi yetu, katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo mara nyingi huachwa nje ya mipango: moto mahali pa kazi. Kamati inapoandika mradi wa ufundi huorodhesha vyerehani, randa, mashine ya kuchomelea, mabati na saruji. Mtungi wa kuzimia moto na mlango wa pili hukumbukwa mwishoni, na bajeti ikizidi ndivyo vinavyokatwa kwanza. Hata hivyo, karakana iliyojengwa kwa michango ya miaka mingi yaweza kuteketea kwa muda wa saa moja, na vijana waliomo ndani hawana bei.

Lengo la somo: mwisho wa somo hili kila kamati iweze kukagua jengo lake, kutaja hatari zilizomo, na kupanga la kufanya.

1. Moto unahitaji nini?

Moto hukaa juu ya mafiga matatu: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni, na joto la kutosha. Ondoa figa moja, chungu huanguka. Kuzima moto ni kuondoa figa. Maji huondoa joto. Mchanga au blanketi zito huzuia hewa. Kufunga valvu ya gesi huondoa kitu cha kuungua. Kinga ni kuyazuia mafiga hayo yasikutane.

2. Moto huanzia wapi?

(a) Chumba cha ushonaji. Umeme hukatika wakati wa kupiga pasi, watu hufunga na kwenda nyumbani, pasi ikiwa bado kwenye soketi. Usiku umeme hurudi. Dawa yake haigharimu fedha: umeme ukikatika, kila pasi ichomolewe, na wa mwisho kutoka azime swichi kuu.

(b) Useremala. Vumbi la mbao na maranda huwaka upesi, hivyo yafagiliwe na kutolewa nje kila jioni. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa pamoja huweza kupata joto na kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yawekwe kwenye debe la bati lenye maji na mfuniko.

(c) Uchomeleaji. Cheche huweza kuruka mita 10 au zaidi na kujificha kwenye maranda au magunia. Kazi ikiisha, mtu abaki akiangalia kwa angalau nusu saa. Pipa lililokuwa na mafuta lisichomelewe kamwe kabla halijasafishwa na mtu anayejua kazi hiyo. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

(d) Ofisi na jenereta. Fyuzi ikiungua, wengine hufunga kipande cha waya. Fyuzi imewekwa ili iungue yenyewe kabla nyaya hazijaungua. Ukiweka waya umemwondoa mlinzi. Jenereta izimwe na ipoe kabla ya kuongezwa petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto ulio mbali.

(e) Jikoni. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, usimwage maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, uache ipoe.

3. Mtungi wa kuzimia moto

Mtungi usio sahihi huleta hatari mpya. Maji yanafaa kwa mbao, karatasi na nguo, lakini si kwa umeme wala mafuta. Gesi ya kabonidayoksaidi inafaa kwa vifaa vya umeme. Unga mkavu hufaa kwa mioto mingi ya karakana, isipokuwa mafuta ya kukaangia.

Matumizi ni hatua nne: vuta pini, elekeza mdomo chini kwenye shina la moto, minya mkono, kisha fagia kushoto na kulia. Mtungi mdogo huisha kabla ya dakika moja. Kwa hiyo unafaa kwa moto mdogo tu, na anayezima asimame mlango ukiwa nyuma yake. Mtungi utundikwe karibu na mlango, usifungiwe stoo. Kila mwezi mmoja wenu aangalie kama mshale bado uko kwenye rangi ya kijani.

4. Kufuli la mwizi na mlango wa uhai

Hapa ndipo penye ubishi katika kamati nyingi. Mtunza hazina anaogopa wezi, naye ana haki. Hivyo tunaweka nondo kila dirisha na kufuli kwenye mlango wa nyuma. Mwaka 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, wafanyakazi 146 walikufa kwa moto. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walihofia wizi. Machi 2001, katika Sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo.

Mali na watu vyote vinaweza kulindwa. Mlango uwe na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na ufunguke kuelekea nje. Angalau dirisha moja la kila chumba liwe na nondo za bawaba zinazofunguliwa kwa ndani. Kufuli la nje litumike tu pale ambapo hakuna mtu ndani.

5. Moto ukitokea

Piga kelele za kuonya. Toa watu kwanza. Zima swichi kuu ikiwa njia ni salama. Piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Penye moshi, inama na utambae, maana hewa safi hubaki chini. Kusanyikeni mahali palipopangwa na mhesabiane majina. Asirudi mtu ndani kufuata mali. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali; asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

6. Wajibu wetu

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na kamati inayoendesha karakana ni mwajiri. Zamani zaidi, Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Kwa marafiki wetu tunaomba hivi: mkiona kwenye bajeti mitungi, mlango wa pili na fundi umeme mwenye leseni, msivihesabu kuwa nyongeza. Ni sehemu ya jengo.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Watu wote wakiwa ndani, milango mingapi inafunguka bila ufunguo?
2. Nani huzima swichi kuu jioni, na nani siku asipokuwepo?
3. Mtungi wetu uko wapi, na ni wangapi wanajua kuutumia?
4. Ni jambo gani moja tutakalolirekebisha kabla ya kikao kijacho, na nani atalisimamia?