Mwembe wa baba umekatwa, nalia. Je, nina kasoro?

Shangazi, kwetu ni Tanga, nimeolewa Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mama, nikakuta mwembe dodo wa uani umekatwa. Marehemu baba aliupanda kabla sijazaliwa. Maulidi yetu yalisomwa chini yake, na siku ya msiba wa baba watu walitandika mikeka pale pale. Kaka anayeishi na mama anasema mchwa walikuwa wamekula shina, na tawi kubwa lilikuwa limelalia upande wa chumba cha mama, akaogopa upepo wa masika. Hakuniambia. Kila nikikumbuka nalia. Mume wangu anasema ni mti tu. Mama mkwe anasema kulilia mti kunakaribia shirki. Simu za kaka sipokei. Je, nina kasoro?
– Binti wa Tanga

Mwanangu, pole sana. Kasoro huna. Ila katika barua yako kuna maswali mawili yaliyosokotwa pamoja, na ndiyo maana yanakuumiza. La kwanza: je, mwembe huu ulistahili kuliliwa? La pili: je, ulistahili kukatwa? Katika familia yenu kila mtu anatumia jibu la moja kulifuta jingine. Mumeo anaona kwamba, maadamu mti umekatwa kwa sababu ya maana, huna cha kulilia. Nawe unaona kwamba, maadamu unaumia kiasi hiki, kaka amekosea kuukata. Ushauri wangu ni kwamba kila swali lijibiwe peke yake, kwa sababu yote mawili yanaweza kujibiwa ndiyo.

Tuanze na machozi. Mwaka 1989 msomi wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiipi nafasi: mtu amepoteza kitu kikubwa kwake, lakini waliomzunguka hawaoni kama kuna msiba. Baba yako alipofariki palikuwa na matanga, majirani walikuja, dua zilisomwa, na kila aliyekuona ukilia alijua la kukuambia. Mwembe ulipoondoka hakuja mtu. Huzuni iliyokosa pa kukaa mara nyingi hugeuka hasira, na hasira hutafuta mtu wa kumwangukia. Tena ulichopoteza si kidogo. Mwembe ule ulikuwa kazi ya mikono ya baba iliyobaki hai, ikichanua na kuzaa msimu kwa msimu baada ya yeye kwenda. Ulikuwa pia kivuli cha mama. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliolazwa vyumba vyenye madirisha ya kutazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa ni wachache, lakini matokeo yanatuonya tusiharakishe kusema kwamba mti ni pambo. Na wala si wewe peke yako. Mwaka 2020 mugumo mmoja wa Westlands, Nairobi, ulipotakiwa kupisha barabara ya juu, watu waliutetea hadharani mpaka serikali ikaamua ubaki. Waliousemea walijua kabisa kwamba Kenya ina miti mingine.

Mama mkwe wako namheshimu, na hofu yake ina msingi wake: mti hauombwi wala hautolewi kafara. Lakini katika barua yako sikuona mahali ulipouomba mwembe chochote. Uliupenda, na kupenda si kuabudu. Katika Hadithi zilizopokewa na Imam Bukhari imo habari ya gogo la mtende ambalo Mtume (S.A.W.) alikuwa akiliegemea anapohutubia Madina. Alipotengenezewa mimbari akaliacha, gogo lilisikika likilia, naye akateremka akalishika mpaka likatulia. Ikiwa gogo lililia kwa kuachwa na mtu, na kilio chake kikatulizwa badala ya kukemewa, sioni kwa nini mtu akatazwe kulia kwa kuachwa na mti. Mwambie mama mkwe hayo kwa adabu, bila kushindana naye.

Sasa tuje kwa kaka. Mwembe ulioliwa na mchwa unaweza kuwa na majani ya kijani na kuzaa vizuri huku katikati ya shina pamebaki uwazi, kwa sababu maji hupanda karibu na gome, ilhali shina lililobaki tupu ndani hudhoofika. Wapo watakaosema angepunguza matawi tu. Kupunguza matawi kunafaa pale shina lilipo zima. Likiwa limeoza, tawi likiondoka bado shina lenyewe linaweza kuanguka. Kaka ndiye anayelala pale, ndiye anayesikia upepo usiku, na chini ya tawi lile alilala mama yenu. Kwa hayo uliyoyaeleza siwezi kumhukumu kwa kuukata. Kutokukuambia ni jambo jingine. Katika desturi za mwambao na visiwani, mti ni mali inayoweza kusimama mbali na ardhi: mtu humiliki mnazi au mkarafuu ulio katika kiwanja cha mwenzake, akauuza, akauweka rehani, na warithi wake wakagawana. Kama mirathi ya baba haijagawanywa, mwembe ule ulikuwa na haki yako ndani yake, maana binti naye ni mrithi. Na hata kama imegawanywa, mchwa hawamalizi shina kwa usiku mmoja. Nafasi ya kupiga simu ilikuwapo. Deni la kaka kwako ni hilo tu, nalo linalipika kwa neno la samahani. Usimdai na mwembe juu yake.

Kuna la kufanya pia. Muulize kaka kama kisiki kimebaki. Mizizi ikiwa bado hai, kisiki cha mwembe huweza kuchipua, na kijiti cha chipukizi hilo bwana shamba anaweza kukibebesha kwenye mche mchanga. Mwembe utakaokua utakuwa ni ule ule wa baba, wenye embe zile zile, jambo ambalo kokwa halikuhakikishii. Mche wa kubebesha huweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Uwekeni mbali na ukuta na karo, na mchwa wa mahali pale washughulikiwe kwanza. Utaniambia mche hauwezi kuwa mwembe wa baba wa miaka yote ile. Ni kweli, na usiupande kwa kutaka ukurudishie miaka hiyo. Upande kwa nia ya sadaka ya baba, maana tumefundishwa kwamba matunda ya mti wa Muislamu, yakiliwa na mtu au ndege, huandikwa sadaka kwake. Kama hakuna chipukizi, pandeni mwembe mwingine kwa nia hiyo hiyo.

Mumeo usimtake aupende mti asioufahamu. Mtake akusikilize ukimsimulia. Na ikiwa miezi itapita hulali wala huli, nenda kwa daktari, kwa sababu huenda msiba wa baba wenyewe haujatulia. Ila kwanza pokea simu ya kaka. Mwambie umeielewa hofu yake kwa ajili ya mama, uliumia kwa kutoambiwa, na utakuja mpande pamoja. Ukianza na la kwanza hatahitaji kujitetea, na la pili atalisikia. Mwembe ulikatwa kwa sababu mchwa walikuwa wameumaliza. Undugu wenu haujaliwa na kitu, na hakuna sababu ya kuukata.