Alama za Tovuti: Kwa Nini Blogu na Tovuti Kuu Hazilingani

Vikundi vya akina mama, wafugaji na mafundi wa jua kali wanaotangaza bidhaa mtandaoni hufuatwa na watu wanaoahidi "kupandisha alama" za tovuti zao kwa malipo. Kabla ya kutoa pesa, ni vyema mkazi afahamu alama hizo zinapima nini.

Alama hizi hutolewa na kampuni za kibinafsi. Moz huita yake Domain Authority, Ahrefs huita yake Domain Rating, na Semrush huita yake Authority Score. Zote hufika kikomo kwa 100, na hutegemea sana viungo, yaani ni tovuti ngapi nyingine zinazowaelekeza wasomaji kwenye tovuti husika, na zina uzito gani. Wazo hilo Larry Page na Sergey Brin walilieleza mwaka wa 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, wakati wa kuanzisha Google. Hata hivyo, Google haitumii alama za kampuni hizo kupanga matokeo yake. Ni makadirio ya watu wa nje tu.

Utata huanzia kwenye anwani. Tuseme ushirika wa maziwa una tovuti iitwayo mfano.co.ke. Blogu yake ikiwekwa mfano.co.ke/blogu, imo ndani ya nyumba ile ile. Ikiwekwa blogu.mfano.co.ke, hilo ni tawi lenye mlango wake. Vipimo vingine hulihesabu tawi pamoja na jina kuu, vingine hulipima peke yake. Ndiyo maana blogu mpya isiyo na viungo inaweza kuonyesha alama ya chini kabisa huku tovuti kuu ikiwa na alama nzuri. Hakuna kilichoharibika.

Udanganyifu huja kinyume cha hapo. Blogu ya bure ya Blogger huwa na anwani inayoishia blogspot.com, na jina hilo kuu lina alama ya juu sana kwa sababu limebeba blogu nyingi mno. Muuzaji mjanja humwonyesha mteja alama hiyo kana kwamba ni ya blogu yake. Ni sawa na mwenye kibanda kimoja kujivunia thamani ya soko zima. Swali la kuuliza ni moja: alama hii ni ya anwani ipi hasa?

Tena, kutoka 20 hadi 30 ni rahisi kuliko kutoka 70 hadi 80. Anayeahidi kupanda kwa kiwango kile kile kila mwezi anauza maneno.

Mwenye tovuti anaweza kutumia Google Search Console bila malipo. Huonyesha maneno ambayo watu walitafuta, mara ngapi tovuti ilijitokeza na ni wangapi walioibofya. Akisajili jina zima, matawi yote huhesabiwa humo.

Wenye blogu za Blogger wanaweza pia kununua jina la .co.ke kwa wakala aliyeidhinishwa na KeNIC na kuliunganisha na blogu. Anwani ya zamani huendelea kuwapeleka wasomaji kwenye mpya. Jina lisajiliwe kwa kikundi chenyewe, si kwa fundi aliyetengeneza tovuti, na mweka hazina aandike tarehe ya kulilipia upya. Lisipolipiwa, mtu mwingine anaweza kulichukua pamoja na viungo vyake vyote.